TULIALIKWA MALIMBUKO KANOMBE

Masomo: Kumbukumbu la Torati 26:1-13, Mambo ya Walawi 23:9-22

Wapendwa katika Kristo, ninyi wa Rubondo, wa Juru, wa Kabazana na pembe zote za makazi yetu ya Nakivale, na hasa ninyi wazee ambao jarida hili mnasomewa na wajukuu baada ya chakula cha jioni, tunawasalimu kwa jina la Yesu, ambaye akiwa bado mtoto mdogo alikimbiziwa Misri usiku.

Wengi wenu mmeomba tuandike yale tuliyoyasimulia kanisani tuliporudi kutoka Rwanda. Siku ile muda ulikuwa mfupi, mvua ilipiga mabati, na wa nyuma hawakusikia. Tumekubali kuandika, lakini si kama habari ya safari. Wapendwa, mmeshasikia habari za safari za kutosha, na kila mmoja wenu ana yake iliyo ndefu kuliko yetu. Tunaandika kwa sababu kule Kanombe tulikutana na Kumbukumbu la Torati sura ya 26 ikiwa imevaa nguo na kutembea kwa miguu.

Ilikuwa mwaka 2023, mwezi wa saba. Tulikuwa saba: waashi watatu, seremala mmoja, mama wawili wa kwaya na shemasi mmoja. Kanisa moja dogo la Kanombe, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, lilikuwa linajenga vyumba viwili vya watoto wa shule ya Jumapili. Matofali walikuwa nayo, mchanga walikuwa nao. Walikosa mafundi wa kupiga plasta bila kulipwa, na sisi tulikuwa na mikono. Basi tukatumwa kujitolea.

Neno hilo kujitolea tunalijua vizuri katika makazi haya, ila tumelijua kwa upande mmoja tu. Wanakuja wageni wenye fulana za rangi moja, wanakaa wiki mbili, wanapaka rangi ukuta, wanapiga picha na watoto wetu, wanalia kidogo siku ya kuondoka. Hatuwacheki. Wengine wametufaa sana. Lakini mtu anayepokea kila siku hufika mahali akaamini kwamba Mungu alimuumba awe mkono wa chini tu. Safari hii sisi ndio tuliokuwa wageni wa kujitolea, na kwa kweli hata fulana mama mchungaji alitushonea.

Si wote katika kanisa letu waliofurahi, na tungedanganya kama tungeficha. Kuna familia zilizofika hapa mwaka 2022 kutoka Rutshuru na Masisi, zikiwa bado na harufu ya moshi katika blanketi. Mama mmoja alitusimamisha kwenye mlango wa kanisa akatuuliza, mnakwenda kumjengea nani? Tena wako ndugu zetu waliokimbia kutoka Rwanda kwenyewe, tunaoimba nao kwaya moja. Hao hawakuweza kwenda hata kama wangetaka, kwa maana hati ya kusafiria ya mkimbizi haimpeleki katika nchi aliyoikimbia, na anayerudi huko kwa matembezi hujitia mashakani juu ya ukimbizi wake. Wao hawakutuuliza kitu. Walitutazama tu tukipakia mifuko. Jarida hili si mahali pa siasa, na hatutatoa hukumu juu ya vita ambavyo hata wakubwa hawajaviweza. Lakini mhubiri anayehubiri kana kwamba maswali hayo hayapo anahubiria viti.

Njia yenyewe mnaijua: Mbarara, Ntungamo, Kabale, kisha mpaka wa Katuna, ambao ulifungwa mwanzoni mwa mwaka 2019 ukafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Kutoka hapo unapita milima ya Gicumbi yenye chai bondeni, unashuka Nyabugogo kwenye stendi kubwa, na gari jingine linakupitisha Remera hadi Kanombe.

Kanombe ni mahali penye uwanja wa ndege. Ndege hupita juu ya mapaa chini kabisa, na watoto wetu wangefurahi. Lakini kila Mnyarwanda akisikia jina hilo anakumbuka jambo jingine. Tarehe 6 Aprili 1994 usiku, ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ikiwa inakaribia kutua. Mabaki yake yalianguka katika ua wa nyumba ya rais, pale pale Kanombe. Usiku ule ule mauaji yakaanza, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakachukua siku kama mia moja. Nyumba ile leo ni makumbusho. Tulipita karibu nayo kila asubuhi tukienda kazini na ndoo za plasta, na hakuna aliyezungumza mpaka tulipoipita.

Juma la kwanza hatukuona sikukuu, tuliona kazi tu. Jumamosi tarehe 29 Julai wenyeji wetu walituambia kwamba siku hiyo hakuna plasta, kuna umuganda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5, wananchi wa miaka 18 hadi 65 hutoka kufanya kazi ya pamoja, kila mtaa kwake. Maduka yanafungwa, magari yanatulia. Tulipewa majembe na fyekeo tukachimba mtaro wa maji pamoja na watu tusiojua majina yao: mwalimu, fundi wa simu, mwanamke mmoja mwenye miwani aliyechimba kuliko sisi waashi. Baadaye watu walikaa kwenye majani wakafanya mkutano wa mtaa.

Hapa tuwape kitu kidogo cha kufurahisha. Katika Kinyarwanda umuganda ni pia mti wa kujengea nyumba, ule unaosimamishwa ushike ukuta. Na katika Biblia yetu ya Kiswahili, Walawi 23, mganda ni lile fungu la kwanza la mavuno ambalo mtu analipeleka kwa kuhani. Hatujifanyi wataalamu wa lugha, huenda maneno hayo yamefanana tu kama watu wawili wa nchi mbalimbali wanavyofanana sura. Lakini shemasi wetu alikaa juu ya toroli akafungua Walawi, na tangu siku hiyo hatukuweza tena kuitenganisha miti ile na mganda ule.

Kisha wakatuambia, Ijumaa tarehe 4 Agosti pia hamfanyi kazi, ni sikukuu. Tukafikiri ni siku ya taifa, ya bendera na hotuba. Wakasema hapana, ni Umuganura.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Wenzetu wawili wanaojua Kinyarwanda cha nyumbani Masisi walikuwa wamelisikia neno tu kwa bibi zao. Umuganura ni sikukuu ya malimbuko. Zamani, Rwanda ilipokuwa ya wafalme, mtama wa kwanza ulipokomaa haukuliwa ovyo. Ulipelekwa kwa mfalme, ukasagwa, ukasongwa, naye akaonja kwanza, ndipo nchi nzima ikala. Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku sherehe hiyo ya ufalme, na mzee aliyekuwa mkuu wa taratibu zake, aliyeitwa Gashamura, akapelekwa uhamishoni Burundi. Sikukuu ikabaki katika hadithi za jikoni. Ilirudishwa kama sikukuu ya taifa mwaka 2011, miaka 86 baadaye, na sasa huangukia Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane.

Usiku wa Alhamisi tulibishana. Shemasi wetu alitaka kujua kama Mkristo anaweza kukaa kwenye sherehe iliyoanzia katika ibada za wafalme, ambamo wahenga waliheshimiwa kupita kiasi. Swali hilo ni zuri, na tunawaomba vijana msilicheke. Tulisoma 1 Wakorintho 10 hadi mshumaa ukaisha. Paulo anaruhusu kula kilichowekwa mbele yetu bila kuchunguzachunguza. Lakini mtu akisema wazi kwamba chakula kimetolewa kwa sanamu, tusile, kwa ajili ya dhamiri yake. Kwa hiyo neno lile halimpi mtu ruhusa ya kufumba macho, wala halimwagizi aogope kila sufuria. Tulikubaliana kwamba tutakwenda, tutasikiliza kinachosemwa, na kikisemwa kitu cha kumnyima Mungu utukufu tutaondoka kwa heshima. Asubuhi mchungaji wa pale alifungua kwa maombi, akashukuru Mungu Muumba kwa jina la Yesu. Ikatosha.

Na kilichofuata, wapendwa, hakikuwa kikubwa. Tunasema hivyo kwa sababu wengine mnangoja ngoma za kifalme. Kulikuwa na ngoma mbili za kuazima na wasichana waliocheza kwa mikono iliyonyoshwa kama pembe za ng'ombe. Kulikuwa na vikapu vya kufumwa, na ndani yake maharage, mahindi, viazi vitamu, ndizi. Kulikuwa na umutsima wa mtama, yaani bugali ya mtama, nyeusi kidogo, inayonata kwenye vidole. Wengine wa mtaa walikuwa na pombe yao ya mtama. Kanisa lilikuwa na bushera tamu ile ile tunayonunua hapa Ankole, na tulipoiona mama wa kwaya walipiga vigelegele kana kwamba wamekutana na shangazi.

Sasa, Kanombe ni mjini. Mashamba yako wapi? Tuliuliza. Wakatueleza kwamba tangu sikukuu iliporudishwa, malimbuko si ya mkulima tu. Mwenye duka analeta kitu, mwenye mshahara analeta kitu, fundi anasimama na kusema mwaka huu nimefanya kazi gani. Mwanamke yule mwenye miwani tuliyechimba naye mtaro alileta mkate wa kununua. Watu saba kutoka Nakivale wasio na shamba wala duka katika nchi ile waliambiwa wasimame pia. Malimbuko yenu ni ukuta, wakasema. Tukaonyeshwa kwa mkono ukuta tuliokuwa hatujaumaliza.

Kisha wakaita watoto. Kabla mtu mzima hajagusa chakula, watoto wote walipanga mstari wakanywa maziwa, kikombe kwa kikombe. Hakuna aliyeuliza mtoto huyu ni wa nani, wa kanisa gani. Wageni waliofika na watoto, watoto wao walikunywa. Jambo hilo ndilo mama zetu walirudi nalo moyoni kuliko yote.

Wakati wa kula alikaa karibu nasi mzee mmoja wa kanisa lile. Alipokuwa anatukaribisha alitumia Runyankole. Tukashangaa. Akauliza, viboko wa ziwani bado wanawaharibia mahindi? Ndugu, mzee yule alizaliwa Nakivale. Wazazi wake walikimbia Rwanda baada ya machafuko ya mwaka 1959, wakawekwa katika vilima hivi hivi tunavyolima, kwa maana makazi yetu, ambayo ni kati ya makongwe kabisa katika Afrika, yalifunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda wa wakati ule. Alisoma chini ya mti, akachota maji katika ziwa letu, akakaa ukimbizini zaidi ya miaka 30, akarudi kwao baada ya 1994 akiwa na watoto wasioijua nchi. Na sikukuu hii? Hata yeye aliiona kwa mara ya kwanza ilipotangazwa mwaka 2011, akiwa karibu na miaka 50. Baba yake alikuwa amemsimulia tu, kando ya ziwa Nakivale, kama mtu anavyosimulia ladha ya tunda lisiloota hapa.

Sasa fungueni Kumbukumbu la Torati 26. Musa anawaagiza watu ambao bado hawajaingia katika nchi. Hawana shamba hata moja. Anawaambia, siku mtakapovuna, chukua malimbuko, yatie katika kikapu, nenda kwa kuhani. Na kuhani akiisha kukiweka kikapu mbele ya madhabahu, usinyamaze. Lazima useme maneno. Na maneno yenyewe hayaanzi na mvua wala mbolea. Yanaanza na babu: kwamba alikuwa Mwarami aliyetangatanga, karibu kupotea, akashuka Misri na watu wachache, akakaa huko mgeni. Kisha yanataja mateso, kilio, na mkono wa Bwana uliotoa. Ndipo mwishoni kabisa mtu anasema, na sasa tazama, nimeleta.

Mungu alijua jambo moja juu ya mtu anayevuna. Kikapu kikijaa, kumbukumbu hutoboka. Kwa hiyo aliitia historia ya ukimbizi ndani ya sherehe yenyewe, ili mtu asiweze kushukuru mavuno bila kutamka kwamba alitoka katika jamaa ya wakimbizi. Tulikuwa tumeisoma sura ile mara nyingi kwa ajili ya sadaka. Wahubiri wengi, tuseme ukweli, huishia kwenye kikapu na kuanza kuhesabu. Lakini angalieni mstari wa 11. Furaha ile anaamriwa mwenye shamba, na Mlawi, na mgeni aliye kati yao. Mgeni hasimami nje akingoja mabaki. Yuko ndani ya amri. Sherehe bila mgeni haijatimia.

Mzee wa Kanombe alikuwa anatekeleza mstari huo bila kuutaja. Alitupa bugali kwa mkono wake, akasema kwa Runyankole kwamba wazazi wake walikula mahindi ya Ankole miaka mingi, basi tule mtama wa Rwanda siku moja. Hatukujua la kumjibu. Mwenzetu mmoja wa Rutshuru, aliyekuja kwenye safari hii moyo ukiwa umefungwa, alikula. Hakusema kitu siku ile, na hatutasema kwa niaba yake hata sasa.

Lakini tusikimbie mbele. Mtu anaweza kusema, ninyi mmelishwa bugali mkasahau nyumba zilizochomwa. Hapana. Soma tena maungamo yale ya Kumbukumbu. Yanataja Wamisri kwa jina. Yanasema walitutenda mabaya, walitutesa, walitutwika kazi ngumu. Biblia haikumwagiza mwenye kikapu asafishe historia ili sherehe ipendeze. Aliyetendewa mabaya anaruhusiwa kuyasema mbele ya madhabahu, wakati wa sikukuu, kwa sauti. Ila kitabu hicho hicho, sura ya 23 mstari wa 7, kinakataza kumchukia Mmisri, na sababu inayotolewa ni ya ajabu: ulikuwa mgeni katika nchi yake. Nchi iliyokutesa ndiyo pia iliyokulisha njaa ilipokuwa Kanaani. Mambo yote mawili ni kweli, na Mungu hataki tulipe moja kwa kulifuta jingine. Hili ni gumu. Sisi tunaoliandika bado tunalitafuna.

Na mahali penyewe palikuwa Kanombe. Tulikula malimbuko mwendo mfupi kutoka kwenye ua ule zilikoanguka bati za ndege. Paulo anamwita Kristo malimbuko yao waliolala (1 Kor. 15:20), na neno hilo tunalisoma kwenye mazishi mpaka limezoeleka masikioni. Malimbuko ni masuke machache ya mwanzo, yanayoonyesha kwamba shamba zima linakuja. Mkulima akishika suke la kwanza mkononi hana bado chakula cha mwaka, lakini hana shaka tena kama mbegu ilikufa bure. Watu wa mtaa ule wamezika wengi mno. Walipoinua kikapu cha mtama miaka 29 baadaye, na watoto wakinywa maziwa mbele yao, tuliona kwa nini Paulo hakutafuta neno jingine.

Tulimaliza vyumba, tukarudi mwezi wa nane. Hapa nyumbani mambo mnayajua. Tangu mwezi wa saba mwaka ule mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulikuwa umegawanywa katika makundi matatu: wa kwanza asilimia 60 ya mgao kamili, wa pili asilimia 30, wa tatu hakuna. Jirani na jirani wakaanza kuulizana, wewe umewekwa kundi gani? Tukiwa bado na vumbi la njia tukapendekeza kwa wazee wa kanisa tuwe na siku ya malimbuko hapa. Mzee mmoja alituuliza kwa upole, malimbuko ya nini?

Swali lake lilitupeleka tena kwenye Walawi 23. Sura hiyo inapanga sikukuu, mganda, mikate, tarehe, na katikati ya kupanga, mstari wa 22, inasimama ghafla. Unapovuna usimalize pembe za shamba, usiokote masazo, uyaache kwa maskini na mgeni. Kisha inaendelea na sikukuu nyingine. Tukaona kwamba malimbuko hayaendi upande mmoja tu, kwa madhabahu. Yana upande wa pili, na ule wa pili unaelekea kwa jirani wa kundi la tatu. Katika Kumbukumbu 26:12 fungu la mwaka wa tatu linaliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane mpaka washibe, ndani ya malango yao.

Basi tuliweka masharti, nasi tunayaandika hapa ili asiwepo wa kuyageuza. Familia isiyo na mgao haileti kitu, inakuja kula. Hakuna bahasha, hakuna kusoma majina ya walioleta, hakuna kumwambia mama mwenye watoto watano kwamba akitoa kikombe chake cha mwisho Mungu atamrudishia magunia. Tunamjua mjane wa Sarepta. Lakini aliyemwomba mkate alikuwa nabii aliyetumwa kwake na Bwana, tena mwenye njaa kama yeye, aliyekula pamoja naye nyumbani mwake siku nyingi. Anayetaka kumtumia mjane yule kukusanya sadaka kwanza ahamie nyumbani kwake.

Jumamosi moja ya Januari 2024, maharage ya msimu yalipoingia, tulifanya. Maziwa tulinunua kwa wafugaji wa jirani, na watoto walikunywa kwanza. Walikunywa wa Kongo, wa Burundi, wa Rwanda, na watoto watatu wa Kisomali waliokuwa wanapita na mpira. Kisha watu walileta vikapu, vingine vilikuwa na mahindi matano. Kila aliyeleta alisema maneno yake kwa mfano wa Kumbukumbu: babu yangu alitoka wapi, nani alitutesa, nani alituvusha, hapa nimepanda nini. Ilichukua muda mrefu kuliko ibada ya Krismasi. Ndugu mmoja wa Rwanda, wa kwaya yetu, alileta mtama katika sahani. Alisema maneno yake kwa Kinyarwanda, akayataja mambo yaliyompata yeye, na wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwa nini hawezi kurudi. Mama yule aliyetusimamisha mlangoni kabla ya safari alikuja. Aliwatuma watoto ndani wakanywa maziwa. Yeye alikaa nje kwenye jiwe, akala alichopelekewa, akaenda kabla ya maungamo kuisha.

Tumefanya misimu kadhaa tangu hapo, na mingine ilikuwa duni. Msimu mmoja jua lilikausha maharage yakiwa maua, tukawa na maziwa na bushera tu. Mzee wa Kanombe alituma salamu kwa simu akauliza kama tulifanya hivyo hivyo bila mavuno. Tukamjibu ndiyo. Akasema wao mjini hufanya hivyo kila mwaka.

Malimbuko ya msimu huu yatakuwa Jumamosi ya kwanza maharage yakishaanikwa, tarehe itatangazwa kanisani. Mashemasi wa kila eneo watapita kwa familia zisizo na mgao kabla ya siku hiyo, kimya kimya, kuhesabu watoto kwa ajili ya vikombe. Wenye vikombe vya ziada wavilete Ijumaa. Wenye mtama uliokwisha kuota wa kutengenezea bushera wauwasilishe kwa mama wa kwaya siku tatu mbele. Wao wamekwenda kwa mama yule wa jiwe, ambaye kwao Masisi alisifika kwa kukoroga uji, wakamwomba msimu huu akoroge yeye. Amesema atafikiri. Tumwombee.